AJALI HII INA KINGA

Wazee husema, "Ajali haina kinga." Neno hilo lina ukweli wake, kwa maana upepo ukiangusha mti njiani hakuna awezaye kuuzuia. Lakini ziko ajali nyingine ambazo twaziita ajali kwa kuwa tu hatujazitazama vizuri. Mojawapo ni ile ya mtoto mdogo kunywa sumu nyumbani. Katika makala haya nitajaribu kueleza jinsi inavyotokea, jinsi sumu inavyomdhuru mtoto, jinsi vifo vyake vilivyopunguzwa katika nchi nyingine, na mambo yatupasayo kuyatenda sisi. Sikulichagua jambo hili kutoka kitabuni. Lilitokea nyumbani kwetu, na mkono wangu ulikuwamo.

Kisa cha nyumbani

Ilikuwa likizo ya mwezi wa Desemba, nami nilikuwa nimemaliza Kidato cha Pili. Kwetu ni kijijini, katika wilaya ya Korogwe, ambako joto la Desemba si la mchezo. Umeme ulikuwa haujafika kitongojini mwetu, na usiku tuliwasha koroboi. Mama akanituma dukani kununua mafuta ya taa. Dumu letu dogo lilikuwa limepasuka, kwa hiyo nikachukua chupa tupu ya soda, ile ya plastiki ya nusu lita. Mwenye duka akanipimia. Niliporudi niliiweka chupa chini, karibu na mtungi wa maji, nikakimbilia uwanjani kucheza mpira. Kifuniko nilikuwa nimekifunga, lakini si kwa nguvu.

Mdogo wangu wakati huo alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Chupa ya namna ile aliijua sana. Juma lililotangulia alikuwa amepewa soda katika harusi ya shangazi yetu, na ilipokwisha aliililia. Basi alipoiona pale chini, siku ya joto, alifanya kama alivyofundishwa harusini: aliifungua akanywa.

Tulisikia anakohoa. Bibi akaja mbio, akamnywesha maziwa, kisha akamtia kidole kooni ili atapike. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na ndivyo alivyofundishwa tangu ujana wake. Mtoto akatapika, akazidi kukohoa, na midomo yake ikaanza kugeuka rangi. Baba akatafuta pikipiki, wakampeleka hospitali. Alilazwa siku sita, na siku mbili za kwanza alipumua kwa kusaidiwa na hewa ya mtungi. Mungu alimjalia akapona. Leo ana miaka mitatu na nusu, na kwa mbio hakuna amwezaye.

Lakini jambo lililobaki moyoni mwangu ni lile lililofuata. Jamaa waliokuja kutujulia hali walikuwa wa namna mbili. Wengine walisema, "Ajali haina kinga." Wengine walisema ya kwamba Mama ni mzembe, hajui kutunza mtoto. Mama alijua nani aliyeileta chupa ile, lakini hakunitaja. Aliinamisha kichwa, akazipokea lawama zote. Nami nilinyamaza.

Baadaye nilianza kujiuliza: ni nani kati yao aliyesema kweli? Nimesoma na kuwauliza walimu, na sasa naona ya kwamba wote walikosea. Haikuwa amri ya bahati tu, wala haikuwa uzembe wa Mama. Kosa lilikuwa katika chombo na mahali kilipowekwa, na hayo mawili yote yaweza kubadilishwa.

Kwa nini watoto wadogo

Watoto wanaokunywa sumu kwa bahati mbaya ni hasa wale wa kati ya mwaka mmoja na minne. Sababu si utundu. Mtoto wa umri huo ameanza kutembea, mikono yake inafika mbali kuliko jana, na mdomo wake ni chombo cha kujifunzia. Hajui kusoma. Hajui ya kwamba kitu chenye umbo la soda chaweza kisiwe soda. Madaktari wa nchi za joto wameona pia ya kwamba visa vya mafuta ya taa huongezeka wakati wa joto kali, kwa sababu mtoto ana kiu.

Tena mwili wake ni mdogo. Tufanye hesabu nyepesi. Mtu mzima wa kilo 60 na mtoto wa kilo 12 wakimeza kiasi kile kile cha sumu, kila kilo moja ya mtoto itapata mara 5 ya ile ipatayo kilo moja ya mtu mzima. Kidonge ambacho kwa bibi ni dawa, kwa mjukuu wake chaweza kuwa mauti.

Watu wengi hudhani ya kwamba mafuta ya taa hudhuru tumbo. Hatari yake kubwa haiko tumboni, iko mapafuni. Mafuta haya ni mepesi mno, hayashikani kama mafuta ya kula, nayo hutanda upesi juu ya kila yanapogusa. Mtoto akipaliwa, matone machache huingia katika njia ya hewa na kuenea ndani ya mapafu. Huko huunguza vifuko vidogo vya hewa, vikavimba na kujaa majimaji, na mtoto akashindwa kupumua. Hii ni nimonia isiyoletwa na vijidudu. Haihitaji mafuta mengi. Funda moja la mtoto mdogo ni kama mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai.

Kwa ajili hiyo kumtapisha ni hatari. Mafuta yaliyopita kooni mara moja hulazimishwa kupita tena mara ya pili, na mara ya pili mtoto analia na kuvuta pumzi kwa nguvu. Bibi yangu hakujua hivyo, na mimi pia sikujua.

Hesabu za vifo

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa taarifa mwaka 2008 juu ya ajali za watoto. Katika taarifa hiyo limeandikwa ya kwamba mwaka 2004 watoto na vijana wa chini ya miaka 20 zaidi ya 45,000 walikufa duniani kwa kupata sumu bila kukusudia. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati kiwango cha vifo hivyo kilikuwa kama mara nne ya kile cha nchi tajiri.

Je, watoto wa nchi tajiri wana akili kuliko wetu? Au mama zao wanawapenda zaidi? La, hasha. Zamani watoto wa huko nao walikufa kwa wingi kwa njia hii hii. Yafaa tutazame nini kilibadilika.

Jinsi vifo vilivyopungua

Katika miaka ya 1950 madaktari wa Marekani waliona ya kwamba nyumba zao zimejaa dawa na sabuni za namna mpya, na watoto wengi wanaletwa hospitali wakiwa wamezimeza. Mara nyingi daktari mwenyewe hakujua kitu kile kimetengenezwa kwa nini. Mwaka 1953 kikaanzishwa katika mji wa Chicago kituo cha habari za sumu, ambapo madaktari wangeweza kuuliza na kujibiwa upesi. Vituo vya namna hiyo vikaenea katika miji mingine.

Lakini kujua tiba hakukuzuia mtoto asinywe. Sumu iliyowasumbua sana wakati huo ilikuwa aspirini. Aspirini za watoto zilitiwa ladha ya machungwa ili wagonjwa wadogo wasizikatae, na watoto wakazila kama pipi. Wazazi walionywa mara kwa mara wazifiche, na kila mwaka watoto waliendelea kuzipata.

Hapo yatupasa kumkumbuka daktari mmoja wa watoto wa mji wa Windsor, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, aliyeitwa Henri Breault. Alichoka kuosha matumbo ya watoto usiku wa manane. Mwaka 1967 alisaidia kuleta kifuniko cha namna mpya, ambacho ni sharti ukikandamize kwa kiganja huku ukikizungusha. Mtu mzima aweza kufanya mambo hayo mawili kwa mara moja, bali mtoto mdogo humshinda. Katika eneo la Windsor visa vya watoto kumeza dawa vilipungua kwa asilimia 91, na mwaka 1974 jimbo la Ontario likaamuru vifuniko hivyo vitumike.

Nchini Marekani sheria ya vifungashio salama ilipitishwa mwaka 1970. Mwaka 1972 watoto 216 wa chini ya miaka mitano walikufa huko kwa dawa na vitu vya nyumbani. Kufikia miaka ya 1990 vifo hivyo vilikuwa vimeshuka hadi 50 hivi kwa mwaka, au chini ya hapo. Hapana budi tuseme kweli: kifuniko hakikufanya kazi hiyo peke yake. Vidonge katika kila chupa ya aspirini ya watoto vilipunguzwa, vituo vya sumu vikaongezeka, na hospitali zikajua kutibu vizuri zaidi. Lakini jambo moja ni wazi. Vifo vilishuka watu walipoacha kumtegemea mama peke yake awe na macho mbele na nyuma, wakabadilisha chombo.

Labda msomaji atasema, "Hayo ni ya nchi tajiri." Basi tuje Afrika. Nchini Afrika ya Kusini watafiti waliwagawia watu wa eneo moja vyombo vya mafuta ya taa vyenye vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Walitangaza matokeo mwaka 1994: visa vya watoto kunywa mafuta ya taa vilipungua karibu nusu. Watu walikuwa wale wale na mafuta yale yale. Kilichobadilika kilikuwa chombo.

Chombo kikikosewa

Chombo kikitumika vibaya huweza kuua hata watoto waliokwisha kujua kusoma. Mwezi wa Julai mwaka 2013, katika shule moja ya msingi ya jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana cha shule. Wapimaji wa serikali waliikuta katika mafuta ya kupikia sumu ya kuulia wadudu iitwayo monokrotofosi, na wakuu wa huko walisema huenda mafuta yalihifadhiwa katika chombo kilichokuwa cha sumu hiyo. Sisi tulao katika bwalo moja, mamia kwa mamia kutoka sufuria moja, habari hiyo hatuwezi kuisoma na kuipita.

Tazameni pia maabara yetu ya Kemia. Asidi imefungiwa katika kabati, chupa yake ina jina na alama ya hatari, na ufunguo anao mwalimu. Chupa isiyo na jina haturuhusiwi hata kuinusa. Sisi wa Kidato cha Nne, tujuao kusoma, tunalindwa kwa kufuli. Lakini nyumbani, mtoto wa mwaka mmoja na nusu tunamwekea mafuta ya taa katika chupa ya soda, sakafuni.

Sumu zilizomo majumbani mwetu

Umeme na taa za jua vimefika vijiji vingi, na koroboi zinapungua, lakini bado wengi hutumia mafuta ya taa kuwashia mkaa. Tena mafuta ya taa si sumu ya pekee. Ziko dawa za panya, ambazo hufungwa katika vipakiti vidogo na kuchanganywa na chakula kitamu. Ziko dawa za kunyunyizia mazao na za kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe, ambazo nyingine hupenya hata ngozini. Iko kostiki soda ya kutengenezea sabuni, ambayo huunguza koo, na mtoto aliyeimeza huweza kupona akabaki hawezi kumeza ugali. Iko dawa ya kung'arishia nguo nyeupe.

Viko pia vidonge. Vile vya kuongeza damu wapewavyo mama wajawazito vina madini ya chuma, na mtoto akivimeza kwa wingi vyaweza kumwua. Dawa za presha na za kisukari za babu na bibi ni za hatari vile vile. Mwisho, jiko la mkaa likiwekwa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huwaua watu wazima na watoto wakiwa usingizini.

Yatupasayo kuyatenda

1. Tusitie kamwe mafuta ya taa, petroli, sabuni ya maji wala dawa yoyote katika chupa ya soda, ya maji au ya maziwa. Hii ndiyo sheria ya kwanza, na haigharimu kitu.

2. Mafuta ya taa yawe na dumu lake moja, lenye kifuniko kinachokaza, wala lisitumiwe kwa kitu kingine.

3. Sumu zikae juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kigoda, na zaidi ya hayo zifungiwe. Kuandika jina juu ya chupa ni kwema, lakini maandishi humsaidia mtu mzima. Mtoto husaidiwa na urefu wa rafu na kufuli.

4. Vyombo vilivyokwisha kutiwa dawa za mimea au mifugo visitumiwe tena kwa maji wala chakula, hata vikioshwa mara saba. Vitobolewe ili asiwepo wa kuviokota.

5. Tusimwambie mtoto ya kwamba dawa ni pipi. Siku moja atazitafuta mwenyewe.

6. Jiko la mkaa lisilale chumbani pamoja na watu.

Mtoto akiisha kunywa

1. Usimtapishe. Usimpe maziwa, wala mafuta ya kula, wala maji ya chumvi.

2. Mwondolee sumu iliyobaki mdomoni. Ikiwa imemwagikia nguo au ngozi, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi. Ikiwa imeingia machoni, yaoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika kumi na tano au zaidi.

3. Akiwa amezimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu.

4. Mpeleke upesi kituo cha afya au hospitali, hata akionekana mzima. Matata ya mapafu huweza kuonekana saa kadhaa baadaye, na kwa hiyo waganga humtazama kwanza kabla ya kumruhusu.

5. Chukua chupa au pakiti ya kitu alichokunywa, uende nayo. Mganga akijua ni sumu gani hapotezi wakati kwa kubahatisha.

6. Usianze kugombana juu ya nani mwenye kosa. Saa hiyo ni ya mtoto.

Neno la mwisho

Likizo iliyopita nilimwambia Mama ya kwamba nataka kuandika habari hii katika gazeti letu la shule, na ya kwamba nitasema wazi nani aliyeiweka chupa. Nikamwomba radhi kwa ajili ya siku zile nilizonyamaza. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Na huko bwenini kwenu, sabuni mnaiweka katika chupa gani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Niliporudi shuleni nilizihesabu. Katika bweni letu chupa za maji ya kunywa zilizotiwa sabuni ya maji zilikuwa tisa, na mbili zilikuwa na dawa ya kunguni. Zote kumi na moja zilikuwa chini ya vitanda, na hakuna hata moja iliyoandikwa kitu. Siku za Jumamosi watoto wa walimu huja kucheza mabwenini mwetu, na usiku kukiwa giza hata sisi wenyewe twaweza kupapasa chupa kwa kiu.

Zile mbili za dawa ya kunguni tumezikabidhi kwa mwalimu wa zamu. Saba za sabuni zimehamishiwa katika madumu madogo, yakaandikwa na kuwekwa juu ya makabati. Wenye zile mbili zilizobaki wamesema ya kwamba hii ni kazi bure, kwa kuwa ajali haina kinga. Nimewaomba wasome makala haya kwanza, ndipo tuzungumze tena.